Tupo, Nipo: shajara ya kuandika riwaya ya Kanye

14 Januari. Maneno: 0

Nimefuta. Faili la zamani bado lipo kwenye folda niliyoipa jina "makaburi", lakini kwa hesabu ya mradi huu leo naanza na sifuri. Ile rasimu ya maneno 31,000 ilifunguka na maiti kando ya barabara ya kwenda mji wa Jwaneng, Botswana, na tangu maiti ionekane kila mtu humo ndani akawa na haraka. Polisi mbio, mpelelezi mbio, hata ng'ombe walivuka barabara mbio. Aliyekaa Botswana japo wiki mbili anajua ng'ombe wa kule hawafanyi hivyo. Wanasimama katikati ya lami, wanakutazama, na anayezima injini ni wewe.

Nilifanya kazi ya uhasibu Gaborone miaka sita. Mwisho wa wiki nilikuwa napanda kombi kwenda Kanye, kilomita zipatazo 80 kusini-magharibi, kwa rafiki yangu niliyekuwa naye ofisini. Kanye ni makao makuu ya Bangwaketse, moja ya makabila ya Watswana, mji uliokaa juu ya vilima ambao wenyewe wanauita kijiji. Huko ndiko riwaya itakakokaa. Mwaka: 2012. Maiti: hakuna. Kutakuwa na fumbo, na aliyekosea, na mtu wa kulifumbua taratibu. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla alishatuzoesha mpelelezi anayevuta kiko na kufikiri huku wenzake wakihangaika.

22 Januari. Maneno: 2,400

Mpelelezi amepatikana. Ni mama wa miaka 61, mstaafu, aliyekuwa karani wa matimela katika halmashauri ya wilaya.

Matimela ni ng'ombe waliopotea. Mnyama akionekana anazurura na mwenyewe hajulikani, anapelekwa kwenye zizi la halmashauri, anatangazwa, na asipodaiwa anapigwa mnada. Sasa mfikirie mtu aliyeshika daftari la zizi hilo miaka 32. Anaijua chapa ya moto ya kila ukoo na mikato ya masikio ya kila kambi. Anajua nani alikuja kudai ng'ombe kwa uhakika na nani alikuja kubahatisha. Uongo wa kila namna kuhusu fahali mwekundu ameshausikia. Tena sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 2 na kidogo katika nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 580,000, kwa hiyo ukikaa kwenye kiti kimoja muda mrefu, nusu ya wilaya itapita mbele yako.

Jina lake Mama Lorato. Kwa Kitswana ni MmaLorato. Ameitwa kwa mtoto wake wa kwanza, kama kwetu. Hapa nimepata ahueni ambayo sikuitegemea. Anayeandika habari za kule kwa Kiingereza lazima aache "mma" na "rra" zilivyo, kisha amweleze msomaji kwamba ni maneno ya heshima. Mimi naandika "mama" na "mzee", basi, naendelea na safari.

2 Februari. Maneno: 5,100

Dada yangu amesoma sura mbili za mwanzo. Amecheka mahali pasipochekesha, nikamuuliza kulikoni.

"Hawa maafisa wenye ng'ombe ni wa idara gani?"

Nilikuwa nimeandika "ng'ombe wa mafisa". Mafisa ni desturi ya Watswana: mwenye mifugo mingi humpa asiye nayo ng'ombe wa kutunza. Mtunzaji anakunywa maziwa, analimia maksai, na mwenye mali akiridhika naye humpa ndama. Hakuna karatasi. Riwaya nzima imekaa juu ya neno hili, na dada yangu anaona watu wenye sare na kofia.

Nimezunguka nalo siku nne. Ng'ombe wa kutunziwa? Linachosha. Ng'ombe wa mkopo? Hapana, mkopo una riba na mdhamini. Jana nikiwa naosha vyombo likaja lenyewe: ng'ombe wa amana. Amana unaiweka kwa mtu kwa sababu unamwamini, na ukifa bila kusema, inabaki kati yake na Mungu wake. Nimebadilisha sehemu 46. Mafisa limebaki mara moja tu, kinywani mwa chifu.

11 Februari. Maneno: 5,100

Kufunga hesabu kazini. Sikuandika.

25 Februari. Maneno: 11,800

Leo naweka kisa chenyewe hapa ili nisijisahau. Asiyetaka kukijua na asiendelee.

Mzee Modise ametunza ng'ombe wa amana zaidi ya miaka ishirini kwenye moraka, yaani kambi ya ng'ombe, magharibi ya Kanye. Kuna kisima cha kuchimbwa, pampu ya dizeli, zizi la miiba na kibanda. Mtswana wa zamani alikuwa na makazi matatu: kijijini, shambani na moraka. Modise amebaki na la tatu tu. (Jina lenyewe maana yake ni mchungaji. Nilipolichagua nilidhani nimefanya ujanja. Rafiki yangu akaniambia shuleni kwake walikuwapo akina Modise wanne.) Mwenye ng'ombe amefariki. Mwaka mmoja kabla ya kufa alimpa Modise ng'ombe wanne, kwa mdomo. Oktoba 2012 Kagiso, kitinda mimba wa marehemu, anafika na lori usiku, anapakia kumi na mmoja, wale wanne wakiwemo, na kuwapeleka machinjioni Lobatse.

Kagiso nampenda, na hilo limenisaidia. Ana deni la motshelo. Motshelo ni kama vikoba vyetu: kikundi kinachanga, kinakopeshana kwa riba, na Desemba wanagawana. Mkopaji ambaye Oktoba hana kitu mkononi halali usingizi, na waliomkopesha ni shangazi zake.

Sasa ushahidi. Miaka ya mwanzo ya 2000 Botswana ilianza kuwamezesha ng'ombe kidonge cha kauri chenye chipu ndani. Kinakaa tumboni mwa mnyama mpaka siku ya kuchinjwa, na kwa kisomeo unapata namba inayoonyesha mwenyewe ni nani. Ulaya ilikuwa mnunuzi mkubwa wa nyama yao, na ilitaka kujua kila kipande kimetoka wapi. Baadaye walihamia hereni za masikioni, ila 2012 mifugo mingi ilikuwa bado na kidonge. Niliposoma hayo nilishangilia. Chapa unaweza kuchomea nyingine juu yake na sikio unaweza kulikata upya; tumboni nani atafika?

Nikaandika sura nzima ya kisomeo. Nilipoimaliza nikaona kidonge kinasema kweli tupu na hakimsaidii Modise hata chembe. Kinataja jina la marehemu. Chapa inataja marehemu. Daftari la halmashauri, alilolijaza Mama Lorato kwa mkono wake mwenyewe, linataja marehemu. Siku tatu niliamini nimekiua kisa changu. Siku ya nne nikiwa kwenye foleni ya daladala nikamwona Mama Lorato amekaa mbele ya lile daftari, mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kuamini alama, sasa anatafuta kitu ambacho hakuna aliyekiandika popote. Nilishuka kituo kimoja mbele ya kwangu.

9 Machi. Maneno: 15,900

Namba imepanda kwa sababu ya salamu.

Rafiki yangu wa Kanye hajui Kiswahili, kwa hiyo Jumapili nilimsomea sura ya nne kwenye simu huku nikimfasiria. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu mama yako nani alimlea?"

Mama Lorato alikuwa amefika moraka, ameshuka kwenye pikapu ya jirani, na sentensi ya pili akauliza: "Ng'ombe wamekwenda wapi?" Nilimwandika kama askari. Rafiki yangu akaniambia kwamba mzee yule, hata angekuwa na majibu yote mfukoni, asingempa mtu aliyeingia hivyo.

Nimeiandika upya, na salamu peke yake sasa ni ukurasa na nusu: usingizi, baridi iliyopita, mvua isiyokuja, magoti, wajukuu. Nilihofu msomaji atachoka, halafu nikajiuliza msomaji yupi. Msomaji wangu mwenyewe hawezi kununua nyanya bila kuuliza watoto hawajambo.

Ukurasa huo ndio ulioniletea kidokezo nilichokihangaikia tangu Januari. Watswana wanaulizana "Le kae?", mko wapi, na jibu ni "Re teng", tupo. Kwa adabu huulizwa kwa wingi hata kama uko peke yako. Nikaona: mzee anayeishi peke yake porini siku zote amejibu kwa umoja, leo anajibu kwa wingi, kumbe kuna mtu kamficha kibandani! Nikampigia rafiki yangu nikiwa na furaha. Akaibomoa kwa maneno mawili. Kujibu kwa wingi ni kawaida, akasema, hapo hakuna mtu atakayeshtuka.

"Basi geuza," akasema.

Nimegeuza. Miaka yote Modise alijibu "Tupo", yeye na mke wake, na mke alipofariki akaendelea na "Tupo", yeye na ng'ombe. Siku Mama Lorato alipofika alijibu "Nipo." Basi. Mama Lorato hakuuliza ng'ombe wamekwenda wapi. Aliomba maji ya kunywa, akakaa chini.

Kwa Kiingereza jambo hili lingehitaji aya nzima ya maelezo. Kwetu ni herufi mbili.

20 Machi. Maneno: 19,200

Shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa masafa. Tunduma, Lusaka, Livingstone, Kazungula, Nata, Francistown, Gaborone anazitaja kama mtu anayesoma mistari ya mkononi. Nilimpa sura ya saba, yenye dereva Mtanzania atakayekuwa shahidi wa Modise, nikitaraji sifa.

"Shem, hapa umetudanganya."

Nilikuwa nimempitisha dereva juu ya daraja la Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, mita 923, limepinda kukwepa ardhi ya Zimbabwe, jua linazama kwenye Zambezi. Nililipenda mno lile jua. Daraja lilifunguliwa Mei 2021. Riwaya yangu ni ya 2012.

"Mwaka huo daraja gani? Tulikuwa tunalala foleni ya pantoni. Siku tatu, siku tano. Unapika, unafua, unajua mpaka majina ya mbuzi wa watu."

Jua limefutwa. Foleni imeingia, na imeniletea zawadi. Dereva anayekimbia juu ya daraja hawezi kupatikana. Aliyekwama siku tano kwenye pantoni anapatikana kwa simu ya muuza vocha.

6 Aprili. Maneno: 26,700

Wiki mbili nzuri kuliko zote. Nikiwa nimekwisha kumweka dereva kwenye foleni, ilibaki kumuunganisha na Modise. Hivi ndivyo ilivyokaa: mwaka 2011 gari lake liliharibika baada ya Kanye akielekea Jwaneng, akalala siku mbili moraka akisubiri spea. Mzee alimpa blanketi na madila, maziwa ya mgando. Siku ya pili mwenye ng'ombe alifika kutoka kijijini, akasimama na Modise zizini, akanyoosha kidole, akasema jambo.

Dereva hajui Kitswana. Lakini mweke Mswahili pembeni ya Watswana wanaozungumza mambo ya zizini uone. Motho ni mtu, batho ni watu. Nama ni nyama. Podi ni mbuzi. Kgomo ukiisikia mara tatu inakuwa ng'ombe. Pula, ambayo ni mvua na tangu 1976 ni jina la fedha yao, ni ndugu wa damu wa mvua yetu. Na kwenye kuhesabu: bedi, tharo, nne, tlhano. Nne ni nne! Dereva alisikia "kgomo", akasikia "nne", akaona kidole kinapita juu ya migongo minne, akaona mzee Modise anavua kofia.

Ushahidi huu si wa kisheria sana, najua. Baadaye kidogo nitauweka mbele ya watu wanaojua kuupima.

Mama Lorato atajuaje kwamba dereva yule aliwahi kuwepo? Modise hatamtaja, yeye haoni kwamba anahitaji shahidi; marehemu alisema, imetosha. Hapa ndipo kanga ilipoingia. Dereva alipoondoka alimwachia mzee kanga iliyokuwa kitandani mwa gari, na mzee anaitumia kama shuka. Mama Lorato anaona nguo yenye maneno ambayo hapo kijijini hakuna anayeweza kuyasoma. Anayanakili herufi kwa herufi nyuma ya risiti, kama alivyokuwa akinakili chapa.

Na msomaji wangu ameshayasoma! Yuko mbele ya mpelelezi kwa sura mbili nzima. Nimecheka peke yangu usiku wa manane.

Jina la kanga limenipa kazi. Nilianza na "Wema hauozi". Dada yangu akasema hiyo ni kanga ya mwandishi, siyo ya dereva. Dereva anachukua iliyokuwa juu kabatini. Tumekubaliana "Hasidi hana sababu". Mzee mpole asiye na ugomvi na mtu, analala miezi kumi na nne amejifunika kijembe cha uswahilini.

27 Aprili. Maneno: 31,500

Leo nimepita pale nilipofuta Januari.

Wiki hii nilibishana na mimi mwenyewe juu ya mahakama. Oktoba 2012, mwezi uleule wa riwaya yangu, Mahakama Kuu ya Botswana iliamua kesi ya Edith Mmusi na dada zake watatu, wanawake wazee wa hapohapo Kanye. Mila ya Bangwaketse ilimpa nyumba ya familia mtoto wa kiume wa mwisho. Mama Mmusi alikuwa ameishi humo na kuitunza, na mpwa akaidai. Mahakama ikasema mila hiyo haiwezi kuwafungia mabinti mlango, na Septemba 2013 Mahakama ya Rufani ikawapa haki akina mama wale kwa mara nyingine.

Kagiso ni kitinda mimba. Ana dada mkubwa, anayekaa kwenye nyumba ya wazazi, aliyemuuguza baba mpaka mwisho. Ningeweza kumpa dada huyu hotuba. Niliiandika hata, maneno 900, kali, yenye machozi. Nikaisoma kwa sauti nikasikia aibu. Yule ni mimi nilikuwa nahutubia.

Sasa ni hivi: dada yuko jikoni anapika bogobe, ugali wa mtama. Redio inasoma habari ya hukumu. Kagiso anaingia na kukaa. Dada anafuta mikono, anaongeza sauti ya redio, anarudi kwenye sufuria. Mistari minne. Ile hotuba imekwenda makaburini kumkuta marehemu wa barabara ya Jwaneng.

18 Mei. Maneno: 40,300

Sura ya kgotla. Kgotla ni baraza la chifu na ndiyo mahakama ya kijiji, duara chini ya miti na nguzo za magogo, wazee wanakuja na viti vyao vifupi vya kamba za ngozi. Nimeiandika mara tano.

Mara ya kwanza nilimvika Mama Lorato suruali. Rafiki yangu aliguna tu. Mwanamke haingii kgotla na suruali. Ni sketi, na kitu cha kufunika kichwa na mabega. Mara ya pili watu walikatizana maneno, kosa lilelile la haraka. Kule msemaji anasema mpaka amalize, hata kama anachosha, na wana msemo kwamba maneno ya kgotla yote ni mazuri: hata la kijinga limesikilizwa. Kwa mwandishi wa upelelezi hii ni neema. Hakuna wakili wa kudakia maneno. Mtu anaachwa aongee, na akiongea vya kutosha anajitaja.

Mara ya nne nilikuwa na dereva anayetoa ushahidi kama shujaa. Sasa anasimama, anasalimia kwa Kitswana chake cha foleni, watu wanacheka, anacheka nao. Chifu anamuuliza alisikia nini. Anasema maneno mawili aliyoyasikia, kisha ananyoosha kidole hewani, mara nne, taratibu, kama alivyomwona marehemu. Mzee mmoja nyuma anasema marehemu alikuwa ananyoosha kidole hivyohivyo, kwa kidole cha kati, kwa sababu cha shahada kilikatwa na pampu. Hapo Kagiso anainamisha kichwa. Dereva asingeweza kuitunga ile.

Kidole cha kati kilinijia saa tisa usiku na nimelazimika kurudi kukipanda kwenye sura ya pili, ya tano na ya tisa, ili kisidondoke kutoka mbinguni.

Ng'ombe wameshachinjwa, hawarudi. Uamuzi wa chifu: mitamba minne, miwili sasa na miwili mvua zikinyesha, na chapa ya Modise mwenyewe. Hajawahi kuwa na chapa. Mama Lorato ndiye anayemchorea kwenye karatasi.

9 Juni. Maneno: 47,600

Rasimu imefika mwisho, ikiwa na matundu. Sura ya sita bado ni mbovu: kila mtu anakunywa chai na hakuna kinachosemwa. Kitinda mimba nimeliandika kwa namna tatu tofauti. Shangazi mmoja wa motshelo ana majina mawili.

Ukurasa wa mwisho nimeuacha na pengo. Mama Lorato anapita moraka Desemba, mitamba miwili iko zizini, anauliza kwa wingi kama kawaida. Nimejaribu jibu la "Tupo" nikaona nimemfunga msomaji utepe. Nimejaribu mzee asijibu, ikawa ya kujifanya. Kwa sasa mzee anazungumzia pampu, inavuja tena, na kama jirani yule mwenye pikapu ana spana namba 17.

Nakala tatu zimetoka. Ya dada, ya rafiki yangu wa Kanye, ambaye nitamsomea kwa simu mpaka vocha iishe, na ya shemeji. Ameniandikia kutoka Tunduma kwamba foleni haijasogea tangu jana na ameshafika sura ya tatu. Anauliza kwa nini dereva wangu hana jiko la mkaa.

Naliongeza kesho.